KICHEKO KIMOJA, NYUSO NNE

Kila inapotoka filamu mpya ya Batman, watazamaji hubishana zaidi juu ya adui yake, Joker, kuliko juu ya shujaa mwenyewe. Huulizana: ni nani aliyemwigiza vyema kupita wenzake? Wako wanaolidharau swali hilo na kuliona la kitoto. Sisi hatukubaliani nao. Jinsi jamii inavyomchora mwovu wake ndivyo inavyoufahamu uovu wenyewe, na jambo hilo lawahusu wazee na viongozi sawasawa na vijana.

Joker alizaliwa katika vitabu vya picha huko Marekani mwaka 1940. Uso wake ulitokana na sura ya Conrad Veidt katika filamu ya kimya ya 1928, The Man Who Laughs, iliyotolewa katika riwaya ya Victor Hugo. Mwenye kicheko wa Hugo hakuwa mwovu hata kidogo. Alikuwa mnyonge aliyeharibiwa uso tangu utotoni ili watu wamcheke. Basi tangu asili yake, kicheko hiki kimebeba mambo mawili, kitisho na huruma, na kila mwigizaji amelazimika kuamua lipi alitangulize.

Cesar Romero, katika mfululizo wa televisheni wa 1966 hadi 1968, hakutanguliza lolote katika hayo mawili. Alikuwa mwizi mchangamfu, na kwa kuwa alikataa kunyoa masharubu yake, yalipakwa rangi nyeupe pamoja na uso. Mtoto aliweza kumtazama kisha akalala usingizi mnono. Mwaka 1989 akaja Jack Nicholson, jambazi mwenye majivuno atiaye sumu katika vipodozi vya watu na kuua huku akicheza ngoma. Hapo kitisho kiliingia, ingawa bado kilikuwa kitisho cha mtu anayejipenda na kutaka kutazamwa.

Heath Ledger, katika The Dark Knight ya mwaka 2008, aliyavua majivuno hayo yote. Joker wake hana kwao wala jamaa; asili ya makovu yake huieleza kwa visa viwili visivyopatana, na rundo la fedha alilolipata hulitia moto. Ledger alifariki Januari mwaka huo, kabla filamu haijaonyeshwa, na tuzo ya Oscar alipewa mwaka 2009 akiwa kaburini. Lakini ukubwa wa kazi yake hautokani na msiba huo. Unaonekana katika kisa cha meli mbili za abiria, moja ya raia na moja ya wafungwa, ambapo kila meli imepewa kitufe cha kuilipua nyenziwe. Sisi watu wa visiwani, tunaojua maana ya kuwa abiria kati ya maji, hatuwezi kukitazama kisa kile bila ya moyo kututeta. Raia wanapiga kura, na wengi wanataka wenzao walipuliwe. Hata hivyo hapatikani mtu wa kukibonyeza kitufe. Naye mfungwa mmoja anakichukua kile cha kwao na kukitupa majini.

Joaquin Phoenix, mwaka 2019, aliirudia njia ya Hugo. Arthur Fleck wake ni maskini na mgonjwa, anamtunza mama yake, na matibabu yake yanakatwa kwa kuwa serikali ya mji imeondoa fedha. Phoenix alikondesha mwili wake hata mbavu zikahesabika, naye akapata Oscar mwaka 2020. Wapo wanaosema huyu ndiye bora, kwa kuwa ameonyesha jinsi jamii inavyowazaa waovu wake. Hoja hiyo ni nzito, na kila mwenye dhamana ya bajeti ya afya angefaa kuisikiliza. Lakini kumfahamu muuaji si kumwachia huru, na mwishoni mwa filamu ile umati unamshangilia, wala hasikiki mtu mwenye nguvu ya kumjibu.

Kwa sababu hiyo, rai yetu ni kwamba Ledger ndiye wa kwanza. Phoenix ameubeba mzigo mzito zaidi, kwani filamu nzima iko mabegani mwake. Ila Ledger aliuonyesha uovu mtupu na bado akawaachia watu wa kawaida nafasi ya kuushinda.

Kwa wenye dhamana ya kukagua filamu, tuna neno moja. Jina Joker limebandikwa juu ya kazi za rika mbalimbali. Huko Uingereza filamu ya 2008 iliruhusiwa kwa watoto wa miaka 12, na walio chini ya hapo wakiwa na mtu mzima, ikazusha malalamiko mengi. Ile ya 2019 ilizuiwa kwa kila aliye chini ya miaka 15. Mkaguzi asiamue kwa jina wala kwa picha ya bango, bali aitazame kazi yenyewe hadi mwisho. Na mzazi asidhani kwamba kila kilichotoka katika vitabu vya watoto ni cha watoto. Kupiga marufuku ni rahisi; kutazama na kupambanua ndiyo kazi tunayowadai.