Tuwacheke Waliokubali Kuanguka

Siku moja ya mvua, katika barabara ya Mangobo, hapa mjini Kisangani, mwendesha toleka, yaani teksi ya baiskeli, aliteleza matopeni. Baiskeli ikalala, bidoni la mawese likapasuka. Kabla hajainuka, vijana watatu walikuwa wamekwishatoa simu. Jioni picha ile ilikuwa imevuka mto hadi Lubunga, na watoto wakaitazama wakishika mbavu. Yule baba alikuwa amepoteza mafuta ya watu, na deni linamngoja.

Wazazi wenzangu, sisemi watoto wasicheke. Mji huu majeshi mawili ya kigeni yaliupigania kwa mabomu siku sita, Juni 2000. Nani atawanyima watu wake kicheko? Nasema tuwape watoto kicheko kilicho bora, nacho kipo tangu zaidi ya miaka mia: zile filamu za wakati sinema haijawa na sauti, za Charlie Chaplin, ambaye sisi tunamwita Charlot, na wenzake.

Tazameni wale walivyoanguka. Mwaka 1924, Buster Keaton akitengeneza Sherlock Jr., maji ya tangi la reli yalimporomokea shingoni. Akaumwa kichwa siku kadhaa, akaendelea na kazi. Miaka mingi ikapita ndipo daktari akaona kwamba mfupa wa shingo uliwahi kuvunjika. Harold Lloyd alikatwa vidole viwili vya mkono wa kuume na bomu lililodhaniwa ni la kuigizia, mwaka 1919. Miaka minne baadaye, katika Safety Last!, anaonekana akining'inia kwenye mshale wa saa kubwa, juu ya barabara yenye magari. Watu hawa walitoa miili yao kwa hiari, wakafanya mazoezi, ili sisi tucheke. Kuwacheka ni kuwalipa haki yao. Baba wa toleka hakukubaliana na mtu.

Tena angalieni anayechekwa ni nani. Chaplin aliujua umaskini kwa ngozi yake: akiwa na miaka 7 alipelekwa katika nyumba ya mafukara huko London. Ndiyo maana katika The Immigrant ya mwaka 1917, teke la Charlot linampata ofisa wa uhamiaji, baada ya abiria maskini kuzuiwa kwa kamba kama mbuzi, palepale wanapoiona Marekani. Kabla ya hapo meli inayumba, sahani ya supu inateleza kutoka kwa mlaji huyu hadi kwa yule, na kila mmoja anapata kijiko chake. Mtu aliyetoka Kinshasa kwa mashua zetu, amebanwa kati ya magunia na vikapu vya samaki, hahitaji Kifaransa ili aielewe sahani ile. Anayesema Kiswahili na anayesema Lingala watacheka dakika ileile.

Atasimama mtu aseme: hizo ni za wazungu, sisi tulikuwa na Matamata na Pilipili. Kweli, na wale Wakongomani wawili walikuwa na kipaji kikubwa. Lakini filamu zao zilitengenezwa Kasai, miaka ya 1950, na padri Mbelgiji, Albert Van Haelst, na ndani ya kicheko mlitiwa somo la namna mtu mweusi apaswavyo kuishi. Watoto wazione, tena tuwaeleze. Charlot hakuja kutufunza adabu. Yeye mwenyewe alikuwa akifukuzwa na polisi.

Basi Jumamosi jioni, umeme ukiwepo, tandikeni shuka jeupe ukutani kwa aliye na mashine ya kuonyeshea. Asiye nayo, simu moja inatosha watoto wanne. Mkae nao, msiwaachie simu mkaondoka. Filamu ile ya 1917 haifiki nusu saa. Na mwanao akikuletea tena picha ya mtu aliyeanguka matopeni, muulize ni nani aliyemsaidia kuinua baiskeli.