Wanaosimamia Tasnifu: Barua kwa Vyuo Vikuu vya Nyumbani

Kwa walimu na wanafunzi wa vyuo vikuu nyumbani,

Vyuo vikuu vingi vya Marekani vina mkondo maalumu wa wanafunzi bora. Anayeingia humo husoma katika darasa dogo, hubishana na mwalimu wake kwa hoja, na kabla ya kuhitimu huandika tasnifu chini ya msimamizi. Aliyeujenga kuliko wengi ni Frank Aydelotte, rais wa chuo cha Swarthmore, Pennsylvania, kuanzia 1921 hadi 1940. Alikuwa amesoma Oxford, na mwaka 1922 alianzisha Swarthmore utaratibu uliotokana na aliyoyaona huko: semina za watu wachache, kisha mtihani wa maandishi na wa mdomo mbele ya watahini kutoka nje. Utaratibu huo ungali hai, na uzuri wake ni kwamba aliyemfundisha mwanafunzi siye anayempa daraja. Wote wawili hujiandaa kumkabili mgeni, kama kocha na mwanariadha wake.

Kazi ya kusimamia tasnifu inakula muda mno. Mwanafunzi analeta sura ya pili, kurasa 30. Msimamizi anazisoma usiku, anaandika pembeni "ushahidi uko wapi?", anazirudisha, na baada ya wiki mbili zinarudi tena mezani kwake. Mara nyingi haya huongezwa juu ya vipindi vya kawaida, bila kupunguziwa hata somo moja. Tena katika vyuo vikubwa vya utafiti, ajira ya kudumu na cheo hutegemea zaidi machapisho. Mhadhiri kijana anayepokea wanafunzi wanne wa tasnifu anajinyima muda wa makala zake mwenyewe, na si haki kazi hiyo ipite kimyakimya.

Ndiyo maana vyuo vimeweka njia za kuwatambua walimu hao. Iliyozoeleka ni tuzo ya mwaka: wanafunzi wenyewe humpendekeza mwalimu kwa barua, kamati huzipitia, na mshindi hutangazwa kwenye hafla karibu na mahafali. Barua yenye nguvu haiishii kusema mwalimu ni mkarimu. Hutaja jambo lenyewe: kwamba alimwonyesha mwanafunzi majalada ya mahakama ambayo hakujua kama yapo, au alimkatalia hitimisho ambalo takwimu zake hazikulibeba. Ngao na cheti hupendeza, na fedha kidogo husaidia, lakini tuzo yenye uzito ni ile inayomwondolea mwalimu somo moja na kuilipa idara yake ili impate wa kulishika. Arizona State University imekwenda mbali zaidi: chuo chake cha Barrett, kilichoanzishwa 1988, kina wahadhiri walioajiriwa hasa kwa ajili ya wanafunzi wa mkondo huo maalumu.

Nyumbani msingi upo. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kilifuata mfumo wenye watahini wa nje, na desturi hiyo imeenea vyuoni Afrika Mashariki. Siku ya mahafali, jina la aliyepata daraja la kwanza husomwa kwa vigelegele. La msimamizi wake ni nadra kusikika. Kulitaja hakugharimu kitu. Lililo kubwa zaidi liko mikononi mwa kamati za kupandisha vyeo: kuzipokea barua za wanafunzi katika jalada la mhadhiri, pamoja na orodha ya tasnifu alizosimamia, na kuzipima sambamba na machapisho yake.

Wasalaam,
Mwenzenu wa ughaibuni