Kompyuta Yenye Magonjwa Mawili

Juma hili sina habari ya mahindi wala ya ng'ombe. Nitawasimulieni habari ya kompyuta ya mkononi ya ofisi yetu ya parokia, kwa maana siku hizi vyombo hivi vimeenea Tarime na Serengeti, mashuleni na hata majumbani, na mtu hujiona mjinga chombo kikimzimikia.

Kitabu chetu cha zamani cha ubatizo kimeliwa na mchwa. Padre akaniagiza ninakili majina yote katika kompyuta. Basi, mara tatu au nne kwa siku mashini ilikuwa ikinifia mikononi. Siku moja nilipoteza majina 63. Ningeweza kuyaandika tena, lakini zile kurasa zilikuwa zimekwisha kuwa unga, na nyingine zilimeguka nilipokuwa nikizifunua. Majina yale hayakuwamo tena kitabuni wala kompyutani. Usiku ule sikula.

Nikaipeleka kwa fundi mjini. Akafuta yote, akaweka Windows mpya, akachukua fedha yake. Siku ya pili ugonjwa ukarudi. Nilikasirika, lakini baadaye nikaona kwamba fedha ile imeninunulia jambo moja: ikiwa programu ni mpya kabisa na mashini bado inakufa, yaelekea kosa limo katika chombo chenyewe.

Hapo nikafanya kama tulivyofundishwa chuoni kumwangalia mtoto asiyeelewa hesabu: usimpige, andika anapokosea. Nikachukua daftari. Kila mara ilipokufa niliandika saa, kazi niliyokuwa nikifanya, na maneno yaliyotokea kwenye kioo. Kabla ya hayo nilinakili kazi yote katika flashi mbili, moja nikampa katekista akae nayo kwake. Jambo hili lilipasa kuwa la kwanza tangu mwanzo, nami mwenyewe sikulifanya.

Baada ya siku kumi daftari likasema wazi: magonjwa ni mawili! Safari nyingine mashini ilizimika ghafula, bila neno, kama taa iliyopulizwa, na karibu kila mara ilikuwa baada ya saa nane mchana, bati limepata moto. Safari nyingine kioo kiligeuka buluu, hata asubuhi na baridi, na maneno hayakuwa yale yale: leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho mengine kabisa.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa joto. Kompyuta ikichemka mno hujizima yenyewe ili isiungue. Nilichomoa chaja, nikaondoa betri, nikafungua mgongo. Feni ilikuwa imezibwa na vumbi la barabara zetu, tena mimi nilikuwa nikiiweka juu ya kitambaa cha meza walichotushonea akina mama, kizuri sana, ambacho kiliziba matundu ya hewa chini. Nilisafisha kwa brashi laini, kitambaa nikakirudisha kabatini.

Buluu ikabaki. Basi nikaandika mdsched mahali pa kutafutia, nikakubali mashini iwake upya na kujipima kumbukumbu. Ikaona makosa. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya kumbukumbu, kila kimoja GB 4. Nikatoa kimoja, nikapima. Nikakirudisha, nikatoa cha pili, nikapima tena. Kosa lilifuata kipande kimoja tu. Angalieni, ningaliondoa vyote viwili na kuweka vipya, nisingalijua kipi kilikuwa kizima, na kizima kile ndicho kinachofanya kazi hadi leo. Mashini ni ya pole sasa, lakini haijafa tena.

Si kila kioo cha buluu ni kumbukumbu mbovu. Tarehe 19 Julai 2024 kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani zilianguka kwa sababu ya faili moja lenye kosa lililotumwa na kampuni ya CrowdStrike, na ndege nyingi zikakaa chini. Kwa hiyo ikiwa yako imeanza kuanguka mara tu baada ya kupokea programu mpya, shuku programu ile kwanza, usikimbilie bisibisi.

Na yale majina 63? Kila Jumamosi nachukua baiskeli na daftari, nazunguka vigangoni kuwauliza wazee nani alibatizwa pamoja na nani, na wasimamizi walikuwa akina nani. Hadi sasa nimepata 41.