Dawa za Kujazia Meno ya Watoto

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe lalamiko ambalo nadhani ni la wazazi wengi.

Binti yangu aliumwa na gego la utotoni hata ufizi ukatunga usaha. Nilipompeleka kwa tabibu wa meno, mzizi ulisafishwa barabara, kisha ukajazwa dawa nzito ya manjano kutoka katika bomba la sindano, nami nilipouliza kwa adabu ni dawa gani na imepimwa na nani, nikajibiwa kuwa hayo si ya mzazi.

La hasha, ni yetu hasa. Mzizi wa jino la utotoni huyeyuka wenyewe ili kulipisha jino la kudumu linaloota chini yake, hivyo kilichojazwa ndani sharti kiyeyuke pamoja nao pasipo madhara. Na ilhali hata unga wa oksidi ya zinki uliokandwa kwa mafuta ya karafuu hukawia kuyeyuka, ile dawa ya zamani iitwayo fomokresoli ina fomaldehaidi, ambayo mwaka 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliihesabu miongoni mwa visababishi vya maradhi hayo.

Naiomba Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba itujibu: dawa hizi hupimwaje kabla ya kuruhusiwa vinywani mwa watoto wetu, na kwa nini majina yake yasiandikwe katika cheti cha mgonjwa?

Wako mtiifu,
Mzazi, Ngamiani, Tanga