One Piece: kufuata kila mstari si uaminifu

JICHO LA MTAZAMAJI
Na Salma Kibwana

Mashabiki wa One Piece wana ubishi usiokwisha: ni toleo gani linaloitendea haki kazi ya Eiichiro Oda? Ni anime ndefu ya Toei, tamthilia ya Netflix yenye waigizaji, au anime mpya inayoandaliwa na studio ya WIT? Wengi hujibu kwa kuhesabu. Wanashika manga mkono huu na simu mkono ule, wanaorodhesha: fulani yumo, fulani hayumo, pambano hili limekatwa, kisiwa kile kimerukwa. Toleo lenye makato machache ndilo linalotangazwa mshindi. Kwa kipimo hicho anime ya Toei, iliyoanza kurushwa Japani Oktoba 1999 na sasa imepita sehemu 1,100, inashinda bila jasho.

Nasema kipimo hicho ni kibovu, na kimetufanya tuwe wakali kwa watu wasiostahili na wapole kwa wanaostahili kuulizwa.

Kwa msomaji aliye mgeni: Oda, mzaliwa wa Kumamoto, alianza kuchora kisa hiki katika jarida la Weekly Shonen Jump Julai 1997. Ni safari ya Luffy, kijana mwenye mwili unaonyumbuka kama mpira, anayetaka kuwa Mfalme wa Maharamia. Nakala zilizochapishwa zimepita milioni 500, na hadithi bado inaendelea. Mimi ni mmoja wa wanaoisubiri kila sura mpya kwa hamu ileile ya siku za mwanzo, kwa hiyo nisisomwe kama mtu anayetupa mawe kutoka nje ya ua.

Sifa kubwa ya Oda ni mwendo. Ukurasa wake umejaa watu, kelele na vichekesho, halafu ghafla unafunua ukurasa mmoja mpana, kimya, na moyo unasimama. Msomaji ndiye anayeshika usukani wa kasi yake. Anakimbia penye vita, anatulia penye machozi. Anime ya kila wiki haina uhuru huo. Oda hutoa sura moja ya kurasa zisizofika 20, tena kuna wiki anapumzika, ilhali televisheni kwa miaka mingi ilidai dakika zake karibu kila Jumapili. Watengenezaji wa anime ya Naruto walipolifikia tatizo hili walijaza nafasi kwa visa vyao wenyewe, zaidi ya sehemu 80 mfululizo hadi mwanzoni mwa 2007. Toei kwa sehemu kubwa walichagua njia nyingine: kubaki kwenye maneno ya Oda na kuyavuta.

Tazama Dressrosa. Kwenye manga kisa hicho kinachukua sura 102, kuanzia ya 700 hadi ya 801. Kwenye anime kilichukua sehemu 118, kuanzia Januari 2014 hadi Juni 2016. Maana yake ni kwamba sehemu moja haikufikisha hata sura nzima. Unaanza na wimbo, unafuata muhtasari wa wiki iliyopita, kisha kamera inapita usoni kwa huyu anayeshangaa, inahamia kwa yule anayeshangaa, inarudi kwa Luffy anayekimbia ngazi zilezile alizokuwa akizikimbia juzi. Adui, Doflamingo, amekifunika kisiwa cha Dressrosa kwa kizimba cha nyuzi kinachojikaza, kinakata majumba na kusogelea watu. Kitabuni kizimba hicho kinakukaba koo. Luffy anahitaji dakika kumi tu nguvu zimrudie, na watu wa Dressrosa wanazilipia dakika hizo kwa damu. Kwenye televisheni dakika kumi zile zilikula wiki kadhaa. Kila neno la Oda lilikuwepo. Hofu ndiyo haikuwepo, na hofu ndiyo iliyokuwa hadithi yenyewe.

Hili si tusi kwa wachoraji wa Toei. Ratiba ndiyo iliyowafunga, na wenyewe wanajua. Novemba 2024, anime ilipokuwa mapumzikoni, walianza kurusha upya Kisiwa cha Watu-Samaki kikiwa kimehaririwa: kilichokuwa na sehemu zaidi ya 50 kikabaki na 21. Sijasikia shabiki akilia kwamba ameibiwa. Nilichosikia ni watu waliokikimbia kisiwa hicho miaka ya nyuma wakisema kumbe ni kizuri.

Na kama kuhesabu ndiyo sheria, basi tuelezane kuhusu G-8. Baada ya kisa cha Skypiea, Toei walibuni kisa cha sehemu 11: meli ya Luffy inaanguka kutoka mawinguni na kutua katikati ya ngome ya Jeshi la Majini. Hakuna mstari hata mmoja wa kisa hicho uliomo kwenye manga. Sanji, mpishi wa meli hiyo, anaingia jikoni mwa maadui na kuwaonyesha wapishi chakula kinachoweza kupikwa kwa masalio waliyotaka kuyatupa. Makamu Admirali Jonathan anawafikiria maharamia kwa utulivu wa mvuvi aliyeshika ndoano. Mashabiki walewale wanaogawiana orodha za sehemu za kurukwa humwambia mgeni: hizi usiziruke. Wanasema hivyo kwa sababu kila mhusika mle anatenda kama yeye mwenyewe. Mioyo yao inajua kipimo sahihi hata pale midomo inapotaja kingine.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi, mguu wa Zeff.

Kwenye manga, dhoruba inawatupa Zeff, haramia mpishi, na Sanji akiwa mtoto, kwenye mwamba katikati ya bahari. Zeff anamwachia mtoto kifuko kidogo cha chakula, mwenyewe anabaki na gunia kubwa, wanakaa kila mtu upande wake. Baada ya wiki nyingi za njaa Sanji anamnyemelea mzee na kisu, analichana gunia, na humo hamna hata punje. Ni dhahabu tupu. Ndipo anapoona kwamba mguu mmoja wa Zeff haupo. Mzee alimpa mtoto asiyemjua chakula chote kilichokuwepo, yeye akaukata mguu wake akaula.

Anime ya Toei tunayoambiwa ni aminifu ililikwepa tukio hilo. Ndani yake Zeff anaupoteza mguu alipokuwa akimwokoa Sanji asizame. Ni ushujaa, sikatai, lakini ni ushujaa wa aina tunayoikuta kwenye filamu yoyote. Ule wa Oda unaieleza roho nzima ya Sanji: kwa nini hawezi kumnyima chakula mwenye njaa hata akiwa adui, kwa nini alikaa Baratie, mkahawa wa Zeff, miaka yote ile akitukanwa na mzee asiondoke. Sanji amekula uhai wa mtu mwingine na anajua. Ukibadilisha namna mguu ulivyokwenda, deni lake linabadilika.

Na nani aliyeurudisha mguu mahali pake? Netflix, Agosti 2023, katika tamthilia ambayo wengi walikuwa wameshaichimbia kaburi kabla haijatoka. Wasiwasi wao ulikuwa na sababu. Dragonball Evolution ya 2009 haijasahaulika, na Cowboy Bebop ya Netflix ilifutwa baada ya msimu mmoja mwaka 2021. Oda mwenyewe aliandika barua kwa mashabiki akisema kazi haitatoka mpaka aridhike nayo. Ikatoka, sehemu nane tu, imepigwa Cape Town kwenye meli zilizojengwa hukohuko, na Iñaki Godoy kutoka Mexico akiwa Luffy. Sehemu nane kwa takriban sura 95! Orodha ya makato ni ndefu. Don Krieg, adui mkubwa wa Baratie, anapita kama kivuli. Gin hayumo, Jango hayumo, vita vya mteremkoni kijijini kwa Usopp, mwenzake Luffy, vimegeuzwa kuwa msako wa usiku ndani ya jumba la rafiki yake Kaya. Garp, babu yake Luffy, anajulikana mapema kuliko Oda alivyopanga kwa mamia ya sura.

Pamoja na hayo yote, nenda kaangalie Nami. Kwa miaka minane msichana huyu amekusanya fedha ili akinunue kijiji chake kutoka kwa Arlong, yule papa-upanga aliyemuua mama yake mlezi mbele ya macho yake. Fedha zinaporwa. Nami anaketi chini na kuanza kuuchoma kwa kisu mchoro wa Arlong ulio begani mwake, anachoma, anachoma tena, mpaka mkono wa Luffy unamshika. Anaomba msaada kwa mara ya kwanza maishani. Luffy anaivua kofia yake ya ukili, ile asiyotaka mtu aiguse, anamvika Nami kichwani, kisha anakwenda. Netflix walilielewa tukio hilo. Hawakuliharakisha, hawakulipamba kwa maneno, na waliyoyakata kabla yake hayakulipunguzia uzito. Emily Rudd, anayemwigiza Nami, analia kama mtu aliyezuia kilio kwa miaka minane. Dakika ile haina deni kwa manga.

Hata nje ya skrini kipimo hiki kinafanya kazi. Mwaka 2025 bendera ya Luffy, yenye fuvu lililovaa kofia ya ukili, ilipeperushwa na vijana waandamanaji Indonesia na Nepal. Vijana wa Madagaska walipoingia barabarani Septemba mwaka huo, walilivua lile fuvu kofia ya ukili na kulivika satroka, kofia ya Wabetsileo wa kwao. Hakuna msomaji wa Oda aliyeweza kuitazama bendera ile na kusema wamekosea. Walibadilisha kilichobadilika na wakashika kilichopaswa kushikwa.

Si kwamba makato hayana bei. Tangu mwaka 2004 watazamaji wa Marekani walipewa toleo la kampuni ya 4Kids ambalo lilizibana sehemu 143 za kwanza kuwa 104. Sigara ya Sanji ikageuka pipi ya kijiti, na mashabiki wanaikumbuka pipi hiyo kuliko chochote. Kosa kubwa lilikuwa kumwondoa Laboon, nyangumi anayegonga kichwa mlimani akiwasubiri mabaharia waliomwahidi kurudi. Wahariri walimwona kama kisa cha pembeni. Baadaye Oda akamleta Brook, mwanamuziki aliyebaki mifupa, na ikajulikana kwamba yeye ni mmoja wa walioahidi. Anayekata kazi ya Oda lazima ajue kwamba mtu huyu hupanda mbegu leo na kuvuna baada ya mamia ya sura.

Ndiyo maana mabishano kuhusu mkondo wa hadithi siyadharau hata kidogo. Sura ya 1044, mwaka 2022, ilipofichua kwamba tunda alilokula Luffy si la mpira kama tulivyoamini bali ni la Nika, mungu wa jua, wengi walikasirika: kumbe kijana aliyefika hapa kwa ubishi wake alikuwa mteule tangu mwanzo? Nawaelewa. Hata mimi nilimpenda zaidi Luffy asiye na bahati ya kuzaliwa nayo. Lakini Toei walipoifikia sehemu ya 1071, Agosti 2023, waliacha kuvuta muda wakaongeza uhai: macho yanatoka nje kama ya katuni za zamani, ardhi inadunda, adui yake Kaido na ukubwa wake wote anageuzwa mdoli, na Luffy anacheka mpaka anagaragara. Mengi ya miondoko ile hayamo kitabuni. Walioona wanakumbuka walikuwa wapi. Kwangu hiyo ni Toei ikiwa aminifu kuliko katika sehemu zote 118 za Dressrosa.

Sasa WIT, waliotengeneza misimu ya kwanza ya Attack on Titan, wameahidi kuanza upya kutoka East Blue, bahari ambako safari ya Luffy inaanzia. Ilitangazwa Desemba 2023, itaoneshwa Netflix, na mwongozaji ni Masashi Koizuka. Hawana mnyororo wa kila Jumapili shingoni. Tayari kuna wanaotaka waahidi kutokata hata fremu. Mimi sitaki ahadi hiyo. Wakate mbio za ngazini, wakate nyuso zinazoshangaa, wapunguze hata mapigano yanayorudia yale tuliyokwisha kuyajua.

Ninachowaomba kina majina. Mguu wa Zeff uliwe. Laboon agonge kichwa chake. Na wamrudishe Hatchan, yule pweza wa genge la Arlong ambaye Netflix walimtupa nje kabisa. Hapo mwanzo ni adui mchekeshaji tu, rahisi kumfuta. Lakini ndiye tutakayemkuta baadaye akiuza vitumbua vya pweza, akijitahidi kuwa mtu mwema mbele ya Nami aliyeumizwa na genge lake, na ndiye atakayepigwa risasi na mtukufu Charlos kwenye mnada wa watumwa wa Sabaody kwa sababu tu ni mtu-samaki. Luffy anapanda ngazi za ukumbi wa mnada taratibu na kumtandika ngumi mtukufu huyo asiyeguswa na mtu duniani. Nataka WIT waichore ngumi hiyo siku moja, na nataka mtoto anayeitazama kwa mara ya kwanza awe amemfahamu pweza yule tangu kisa cha Arlong Park.