Zile Saba Zinazokosa

Kuna ubishi unaopendwa sana na vijana wa Tunduma siku hizi: mtu akitaka bastola ya kujilinda, achukue ya milimita 9 au ya .45? Utausikia kijiweni kwenye kahawa, utaukuta kwenye makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara, utaukuta hata kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Mmoja atasema tisa ni bastola ya sinema, jambazi anapigwa na bado anatembea. Mwingine atasema arobaini na tano inataka mikono ya mbeba mizigo. Wa tatu, ambaye maishani mwake hajashika hata gobole, atatuma video ya Mmarekani anayepiga matikiti maji.

Nasema ubishi huu ni wa kipuuzi, na upuuzi wake una hatari. Sitaki uniamini kwa sababu nachukia silaha. Niamini kwa hesabu zao wenyewe.

Risasi ya kawaida ya milimita 9 ina uzito wa gramu 7.5 hivi na hutoka kwenye mtutu kwa kasi ya karibu mita 360 kwa sekunde. Ya .45, ambayo upana wake ni kama milimita 11.5, ina uzito mara mbili, gramu 15, lakini inakwenda taratibu, mita 255 hivi. Chukua ile fomula tuliyoikariri sekondari: nusu ya uzito mara kasi kwa kasi. Ya kwanza inakupa karibu jouli 485. Ya pili inakupa karibu jouli 485. Wanaume wazima wamenuniana wiki nzima kwa ajili ya milimita mbili na nusu za upana. Na ile bunduki ambayo polisi wetu huiita SMG, ambayo majambazi wa nchi hii wamewahi kukutwa nayo mara nyingi, hutoa jouli kama 2,000. Akija huyo, tofauti kati ya tisa yako na arobaini na tano ya jirani yako ni ya kubishania ahera.

Mabingwa wa ubishi huu ni Wamarekani, kwa hiyo tuwasikilize hadi mwisho, maana vijana wetu huishia katikati. Tarehe 11 Aprili 1986, katika viunga vya Miami, maofisa wanane wa FBI walipambana na majambazi wawili wa benki. Maofisa wawili waliuawa, watano wakajeruhiwa. Jambazi mmoja alikuwa amepigwa mapema na risasi ya milimita 9 iliyopita mkononi, ikaingia kifuani na kusimama karibu na moyo. Aliendelea kufyatua, na kuua, kabla hajaanguka. FBI wakailaumu risasi. Wakahamia milimita 10, ikawa inarusha mikono mno. Wakashuka kwenye .40. Wakaandika kanuni kwamba risasi nzuri lazima izame kati ya sentimita 30 na 46 katika ute mgumu unaofanana na nyama ya mtu. Mwaka 2014 kitengo chao cha mafunzo kikaandika kwamba, kwa risasi za kisasa, vipenyo hivi havitofautiani vya kutosha kumfaa mtu yeyote, na kwamba ile ya milimita 9 inatosha. Karibu miaka 30 ya kuzunguka, wakarudi walikotoka.

Ila ndani ya andiko hilohilo kuna namba ambayo wabishi wetu hawaitaji kamwe. Lilisema kwamba askari wa Marekani, katika mapambano ya kweli, hukosa kati ya asilimia 70 na 80 ya risasi wanazofyatua. Hao ni watu waliofundishwa, wanaolipwa mshahara, wanaopewa risasi za mazoezi bure. Katika kila risasi kumi, saba au nane haziendi zilikotumwa.

Basi tuziulize hizo saba. Zinakwenda wapi?

Marekani, huenda zikaishia kwenye uwanja wa nyasi kati ya nyumba na nyumba. Njoo nazo Tunduma. Njoo nazo Sogea, au Majengo, au Maporomoko, ambako ukikohoa usiku jirani anakupa pole asubuhi. Tofali la kuchoma lililonona linaweza kuizuia risasi ya bastola. Dirisha haliizuii. Mlango wa mbao hauizuii, bati haliizuii, siling bodi haiizuii. Risasi iliyoundwa ili izame sentimita 30 ndani ya mtu mzima aliyevaa koti, ikimkosa, inabaki na nguvu zake zote. Nayo inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja. Katika mji huu, ambapo mtu ananunua vocha Tanzania na kunywa soda Zambia bila kutoa jasho, risasi unayoifyatua kumfukuza mwizi wako inaweza kutua Nakonde, kwenye chumba cha watoto wa nchi nyingine.

Kwa hiyo ukiniuliza nichague kipenyo, nakuuliza wewe: unataka jirani yako apigwe na ipi?

Najua jibu litakalokuja, na si la kudharau. Mfanyabiashara atasema: wewe mwandishi unalala na vitabu, mimi nalala na kwacha na shilingi za mauzo ya siku nzima. Polisi wako mbali, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Atasema sheria inamruhusu kujilinda. Ni kweli inamruhusu. Kanuni ya Adhabu inatambua haki ya mtu kujitetea yeye, wenzake na mali yake. Lakini kifungu cha 18B cha sheria hiyohiyo kinasema nguvu utakayotumia iwe ya kiasi, inayolazimu kwa utetezi huo tu, na ukizidisha utajibu kwa kosa lililotokea. Hakimu hatakuuliza ilikuwa tisa au arobaini na tano. Atakuuliza aliyekufa alikuwa anafanya nini, amesimama wapi, na ameangalia upande gani.

Na fimbo ya karibu nayo ina masharti yake. Julai 2015 majambazi walivamia Kituo cha Polisi Stakishari, Ukonga, Dar es Salaam. Wakaua watu saba, wanne wao askari polisi, wakaondoka na silaha za kituo. Hao walikuwa askari, ndani ya kituo chao, na bunduki kubwa kuliko bastola yoyote inayobishaniwa kijiweni. Kilichowaua ni kushtukizwa. Anayevamia ndiye anayechagua saa, giza, mlango na idadi ya wenzake. Anayevamiwa anachagua tu atafanya nini katika sekunde tatu anazotoka usingizini. Milimita mbili na nusu haziingii katika hesabu hiyo.

Fikiria hizo sekunde tatu kwa bastola iliyotunzwa kama inavyotakiwa, yaani imefungiwa. Ufunguo uko wapi? Ukiwa nao shingoni, kasiki iko chumba kipi? Utasema utailaza chini ya mto. Basi umeshaamua kwamba mtoto wa miaka minne, mdogo wako mlevi, na wewe mwenyewe siku ya ugomvi na mkeo, wote mtakuwa na bastola. Habari za mume aliyempiga mke risasi kwa silaha aliyoimiliki kihalali si ngeni katika magazeti ya nchi hii. Hakuna aliyeandikwa humo ambaye alipeleka maombi akisema anataka bastola ya kuulia mke. Wote waliomba ya kujilinda.

Kuna jambo jingine linaloniudhi zaidi. Ubishi wa kipenyo ni ubishi wa watu wenye uwezo. Bastola halali haiuzwi kwa bei ya simu. Wakati wenye maduka wanabishana, anayekabiliwa na jambazi kila siku ya Mungu ni wakala wa fedha za simu, binti wa miaka 23 aliyekaa kwenye kibanda cha bati na meza ya mbao, anayefunga saa mbili usiku na kutembea na mkoba ambao mtaa mzima unajua una nini. Ni mbadilisha fedha anayeshika vitita hadharani pale mpakani. Ni bodaboda anayeambiwa ampeleke mteja Mpemba saa sita. Hawa hawana mchango katika mjadala wa .45. Hakuna kipenyo kitakachowafaa. Wakitaka kuishi, wanatoa fedha, na mara nyingi hilo ndilo jambo la busara kuliko yote yanayofundishwa na wenye bastola.

Kinachowaleta majambazi Tunduma ni noti. Mji umekaa juu ya barabara kuu ya kwenda Zambia na Kongo na juu ya reli ya TAZARA, shaba inashuka, mafuta na mitumba inapanda, na sehemu kubwa ya biashara ndogo katikati ya hayo yote inafanywa kwa fedha taslimu. Mwishoni mwa 2018 kule Arusha, na mwanzoni mwa 2019 Dar es Salaam, serikali ilivamia na kufunga maduka mengi ya kubadilishia fedha. Maduka hufungwa kwa siku moja. Haja ya kubadili fedha haifungwi. Inahamia mfukoni, kwenye mkoba, chini ya godoro. Kisha mwenye godoro anatuuliza kipenyo gani kitamlinda.

Tungekuwa tunajilinda kweli, tungebishania mambo mengine kwa hasira hiyohiyo. Tungeuliza kwa nini wakala anayefunga usiku hana mahali pa kuweka fedha hadi asubuhi. Tungeuliza taa ngapi za barabarani zinawaka kati ya mpaka na Majengo. Tungeuliza ile michango ya ulinzi shirikishi inayokusanywa mtaani inamlipa nani, na huyo anayelinda ana tochi, filimbi, na namba ya askari atakayepokea simu. Haya hayana video za matikiti maji. Ndiyo maana hayapendwi.

Nitakubali jambo moja ili nisionekane nimeziba masikio. Yupo mtu mwenye shamba la mbali huko Momba, hana jirani wa kupiga kelele, amefuata sheria, ana akili timamu na kasiki. Huyo akiniuliza, nitamwambia achukue milimita 9, kwa sababu haimrushi mikono, risasi zake ni rahisi kupatikana kuliko nyingine, na kwa hiyo ana nafasi ya kufanya mazoezi. Dakika moja inatosha kwa swali lake. Lakini mwenye chumba cha kupanga Sogea asijifanye mwenye shamba la Momba.

Maombi ya silaha katika nchi hii huanzia serikali ya mtaa, kisha hupanda kwa polisi na kamati za ulinzi na usalama. Mimi nataka pale pale kwenye mtaa, kabla ya mhuri, waitwe majirani wa kuta nne zinazomzunguka mwombaji: wa kulia, wa kushoto, wa nyuma, na wa ng'ambo ya barabara. Wasomewe ile asilimia 70. Waonyeshwe madirisha yao. Halafu waulizwe kama wanakubali kupokea zile saba zinazokosa. Wakikubali kwa kauli moja, mhuri upigwe. Nadhani wengi watamwambia mwombaji, kwa upole wa kijirani, apeleke kwanza fedha zake benki.