Kasoro Nazo Zihifadhiwe

Mwaka 1984 vijana wawili waliokuwa wanafunzi Cambridge, David Braben na Ian Bell, walitoa mchezo wa vyombo vya angani uitwao Elite kwa ajili ya kompyuta ya BBC Micro. Mashine hiyo ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu, na picha ya skrini pekee ingeweza kumeza sehemu kubwa ya hizo. Ilikuwa na namna kadhaa za kuchora: moja ya vidoti vyembamba na rangi mbili, nyingine ya rangi nne lakini vidoti vinene. Mwandishi wa programu alitakiwa achague moja. Braben na Bell hawakuchagua. Waliitega saa ya ndani ya mashine ihesabu tangu mwali wa elektroni unapoanza kuchora juu ya kioo cha televisheni, na mwali ulipofika usawa wa geji za chombo, programu ilibadilisha namna ya kuchora papo hapo, picha ikiwa katikati. Ilifanya hivyo mara 50 kwa sekunde. Juu mchezaji aliona anga na vyombo kwa mistari mikali, chini akaona geji za rangi, na wengi hawakuwa na habari kwamba mashine yao haikuundwa kufanya jambo hilo.

Sasa chukua kompyuta ya leo, andika programu inayoiga BBC Micro kama ilivyoelezwa katika mwongozo wake, kisha iache ichore skrini nzima kwa mkupuo kila fremu inapokwisha. Hesabu zote zitatoka sawasawa. Lakini ukiendesha Elite, sehemu ya skrini itakuwa takataka.

Toleo hili lote tumelitenga kwa ajili ya viigaji, yaani programu zinazoifanya simu au kompyuta ya sasa iwe mashine ya miaka ya 1980 kuanzia prosesa hadi mlio wa spika. Msimamo wangu, ambao si kila mtu katika meza yetu ya uhariri anaukubali, ni kwamba kiigaji kinachofaa kutunziwa nafasi ni kile kinachoiga hata udhaifu wa mashine. Programu za wakati ule hazikuandikwa kwa ajili ya mashine iliyomo katika mwongozo. Ziliandikwa kwa ajili ya mashine iliyokuwa mezani, pamoja na ucheleweshaji wake, hitilafu zake na amri za prosesa ambazo mtengenezaji hakuziandika popote.

Wenye Commodore 64 wana mfano unaonishinda hata mimi niliyezoea mambo haya. Chipu ya sauti ya mashine hiyo, SID, iliyobuniwa na Bob Yannes, ilikuwa na sauti tatu na haikukusudiwa kucheza sauti zilizorekodiwa. Ila toleo lake la kwanza, 6581, lilikuwa na hitilafu: kila ulipobadilisha kiwango cha sauti, spika ilitoa kishindo kidogo. Watunzi wa muziki na michezo wakaona upenyo. Ukibadilisha kiwango hicho maelfu ya mara kwa sekunde kwa mpangilio unaoutaka, vishindo vinaungana, na kompyuta inapiga ngoma au inatamka maneno. Baadaye likaja toleo jipya la chipu, 8580, lenye sauti safi zaidi. Hitilafu ilikuwa karibu imekwisha, na zile ngoma zikafifia kiasi cha kutosikika vizuri. Wahandisi walirekebisha walichotakiwa kurekebisha, muziki ukapotea. Kiigaji cha VICE, kilichoanza miaka ya 1990 na bado kinatunzwa, hukuachia uchague unataka chipu ipi kati ya hizo mbili, na hapo ndipo unapoona kwamba wanaokiandika wameielewa kazi yao.

Wapo wanaosema tusiabudu hitilafu. Mtu anataka kucheza, basi apewe picha iliyonyooka. Hoja hiyo inasikika sana kuhusu ZX Spectrum, mashine ya Sinclair iliyotoka Uingereza mwaka 1982, maarufu kwa mgongano wa rangi: mhusika akipita mbele ya mti, sehemu ya mti inachukua rangi ya mhusika. Chanzo chake ni ubahili wa makusudi. Skrini ilikuwa na vidoti 256 kwa 192. Kama kila kidoti kingepewa rangi yake, picha moja ingehitaji baiti zaidi ya 24,000, na Spectrum ya bei ya chini ilikuwa na kilobaiti 16 za kumbukumbu kwa jumla. Kwa hiyo skrini iligawanywa katika vyumba vidogo vya vidoti 8 kwa 8, kila chumba kikaruhusiwa rangi mbili tu, na picha nzima ikatosha katika baiti 6,912. Viko viigaji vilivyojaribu kuuondoa mgongano huo, na kwa macho ya leo matokeo yanapendeza. Lakini angalia mchezo wa Knight Lore wa mwaka 1984. Kila chumba cha ngome yake kimechorwa kwa rangi moja juu ya weusi, kwa sababu mhusika anayepita nyuma ya nguzo angevuruga kila kitu kama kungekuwa na rangi ya tatu. Ondoa mgongano, na mtazamaji asiyejua atadhani mchoraji alikuwa mvivu.

Kwa haki lazima niseme pia kwamba usahihi hauko upande wa picha kali siku zote. Wachoraji wa wakati ule walitegemea ukungu kidogo wa televisheni ya zamani, ambao ulichanganya vidoti viwili vya rangi tofauti vikawa rangi ya tatu. Skrini bapa ya leo inaonyesha kila kidoti kama tofali. Kichujio kinachorudisha ukungu ule kinaonekana kama pambo, kumbe kinakaribia ukweli kuliko tofali.

Kwa nini kuwe na haraka ya kuhifadhi? Kwa sababu mashine zenyewe zinakufa. Kapasita zinavuja, utando wa kibodi unakatika, sumaku ya kaseti inachakaa. Kati ya mwaka 1984 na 1986 BBC, pamoja na kampuni za Acorn, Philips na nyinginezo, walikusanya picha na maandishi kuhusu maisha ya Uingereza, watu zaidi ya milioni moja wakashiriki, wengi wao watoto wa shule, ili kuadhimisha miaka 900 ya Domesday Book, kitabu cha sensa ya ardhi cha mwaka 1086. Yote yakawekwa katika diski za leza zilizosomwa na kompyuta ya BBC Master na mtambo maalumu wa Philips. Haikupita miaka 20 kabla ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leeds na wenzao wa Michigan kulazimika kuandika kiigaji ili yaliyomo yaonekane tena. Kitabu cha ngozi cha 1086 kilikuwa kingali kinasomeka.

Na kazi ya kuiga si ya kubahatisha. Kuanzia mwaka 2009 watafiti wa mradi wa Visual 6502 waliifumua chipu ya 6502, ambayo ndiyo iliyokuwa ndani ya BBC Micro, wakaipiga picha kwa hadubini, wakafuatilia transista zake zipatazo 3,500 moja moja, kisha wakaijenga upya kama programu. Amri ambazo mwongozo haukuzitaja zilijitokeza zenyewe, maana zilikuwa zimo katika nyaya.

Sheria iko nyuma sana. Amstrad, iliyonunua biashara ya kompyuta ya Sinclair mwaka 1986, ilikuja kuruhusu programu ya ndani ya Spectrum isambazwe pamoja na viigaji huku hakimiliki ikibaki kwake, na ruhusa hiyo imeokoa mengi. Wamiliki wengine wamekaa kimya au wametishia kushtaki. Wakati huohuo utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulikuta kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotoka Marekani haikuwa ikiuzwa tena na wachapishaji. Mingi iliyobaki hai imebaki kwa sababu watu waliinakili bila kumwomba mtu ruhusa. Sioni aibu kusema walifanya vyema.

Msomaji ataniuliza: haya ya Waingereza yanatuhusu nini? Swali ni halali. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mradi wa kuzitumia katika hesabu za serikali kuharibika, na masharti hayo yalilegezwa polepole mno. Kwingineko Afrika Mashariki bei yenyewe ilitosha kuwa marufuku: Spectrum ya kilobaiti 48 iliuzwa pauni 175 kwao huko ilipotoka mpya. Wengi wetu zama za kompyuta za nyumbani zilitupita kando. Mwingereza wa miaka hamsini akikiwasha kiigaji kibovu, masikio yake yatamwambia kwamba wimbo unakwenda mbio au ngoma haipo. Msomaji wetu hana cha kulinganishia. Atakachoonyeshwa ndicho atakachokijua, na baada ya muda hata Uingereza watabaki watu wa aina hiyo tu.

Kwa sababu hiyo, katika makala za mazoezi zinazofuata tumeacha kaseti za Spectrum zipakie kwa mwendo wake wa asili: mlio mrefu huku kingo za skrini zikipigwa mistari myekundu na ya samawati, halafu makelele yenye mistari ya buluu na njano kwa dakika nne hivi au tano. Mwenzangu mmoja aliona tunawatesa wasomaji bure. Kitufe cha kuharakisha kipo kwenye menyu, na ukurasa wa maelezo unaonyesha mahali kilipo. Ombi letu ni moja tu, kwamba mara ya kwanza usikiguse.